Shilingi Tatu za Halmashauri

Soko la madini la Geita lilipozinduliwa Machi 2019, hesabu ya makato ilikuwa nyepesi. Hata mchimbaji wa Rwamgasa aliyeacha shule darasa la nne aliweza kuipiga kichwani. Ukiuza dhahabu ya shilingi 1,000, shilingi 60 ni mrabaha, 10 ni ada ya ukaguzi, 3 ni ushuru wa huduma. Sabini za mwanzo ni za Serikali Kuu. Tatu ndizo za halmashauri. Tangu hapo viwango vimeguswaguswa na viwanda vya kusafisha dhahabu vikapewa nafuu yao, lakini sura ya mgawo ni ileile.

Silii udogo wa hizo tatu. Mishahara ya walimu wa Msalala inatoka Hazina, barabara kuu inatoka Hazina, na zile sabini zimo humo. Kinachonikera ni kwamba hata hizo tatu halmashauri haina hakika nazo. Zinaweza kutolewa na mtu ambaye si zake, mezani pasipo na mwenye nazo. Na ndivyo zilivyowahi kutolewa.

Nilikuwa mtendaji wa kata upande wa Kahama, kabla na baada ya wilaya ile kugawanywa tukapata Msalala na Ushetu. Mtendaji wa kata ndiye mtu ambaye kila agizo likishuka hufikia mlangoni kwake likiwa limechoka, halina fedha, lina tarehe ya mwisho tu. Mnakumbuka maabara za sekondari za kata, zile za Rais Kikwete, zilizotakiwa ziwe zimekamilika Novemba 2014? Agizo lilitoka juu kabisa. Fedha zilitakiwa kutoka chini kabisa: mapato ya ndani ya halmashauri na michango ya wananchi. Mimi ndiye niliyekwenda kaya kwa kaya na daftari la michango, mgambo nyuma yangu, nikimdai mama mwenye mbuzi wawili fedha za chumba cha kemia. Wakati huohuo, kilomita chache kutoka kwa mama huyo, dhahabu ilikuwa inapanda ndege.

Turudi kwenye zile tatu. Mkataba wa uendelezaji wa mgodi wa Geita ulitiwa saini 1999, mgodi ukafunguliwa mwaka uliofuata. Bulyanhulu ukaanza uzalishaji 2001. Sheria ya Madini ya 1998 ilikuwa bado inanukia wino, nchi ilikuwa na njaa ya wawekezaji, na bei ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 300 kwa wakia. Katika mazingira hayo mikataba ikaweka kipengele kidogo ambacho sidhani kama kilichukua hata nusu saa ya mjadala: badala ya ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, uliokuwamo kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982, mgodi utailipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka. Kwa miaka ya mwanzo hasara haikuonekana. Lakini bei ikapanda, ikapanda tena, hadi 2011 ikavuka dola 1,800 kwa wakia. Mgodi wenye mauzo ya dola milioni 500 ungedaiwa ushuru wa dola milioni 1.5 kwa mwaka. Halmashauri iliendelea kupokea 200,000 zake na hundi kubwa ya maonyesho ya kupigia picha.

Nani alitia saini? Waziri, kwa niaba ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano. Halmashauri haikuwa upande wa mkataba. Ushuru ulikuwa wake kwa sheria iliyotungwa na Bunge, lakini ngazi ya juu ikautoa kwa mgeni kama kishawishi.

Ilipofika 2014 migodi mikubwa ikawa inalipa ile asilimia 0.3, na hilo tuipongeze Serikali, mazungumzo yalikuwa marefu. Ila ya nyuma yakabaki. Septemba 2017 madiwani wa Geita wakazuia barabara za kuelekea mgodini wakidai zaidi ya dola milioni 12, malimbikizo ya ushuru wa 2004 hadi 2013. Polisi wakaingia kati. Magazeti yaliandika kwamba halmashauri imegombana na mgodi. Nilisoma habari hizo nikatikisa kichwa. Mgodi ulikuwa na karatasi mkononi, na karatasi ile ilikuwa na saini ya Serikali. Ule ulikuwa ugomvi wa Serikali na Serikali, ya chini ikiidai ya juu. Na kwa kuwa diwani hathubutu kufunga barabara ya kwenda wizarani, akafunga ya kwenda mgodini.

Watu wa Geita wana historia na jambo hili. Mwaka 1958 wakoloni waliwaletea halmashauri ya wilaya ya mseto, yenye wajumbe Wazungu na Waasia pamoja na Waafrika, bila kuwauliza kama wanaitaka. Hawakuitaka. Wakakusanyika, wakatawanywa na polisi, wakafunga safari kwenda Mwanza kumwona mkubwa wa jimbo, wakapiga kambi huko kwa maelfu. TANU wakati huo ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Usukumani, kwa hiyo huwezi kusema walichochewa na tawi la chama. Serikali ya mkoloni ikasalimu amri, halmashauri ya mseto ikafutwa. Natamani hadithi hii ingefundishwa katika shule zetu za msingi kabla ya ile ya Vasco da Gama. Inaonyesha kwamba ukimpangia mtu chombo chake cha kujitawala bila yeye mwenyewe kuwapo, hata akiwa mkulima wa pamba asiye na bunduki, atakwenda kwa miguu hadi kwenye ofisi yako.

Baada ya Uhuru tuliwafanyia walewale jambo kubwa zaidi. Mwaka 1972, kwa jina la Madaraka Mikoani, halmashauri zikafutwa kabisa, na mambo ya wilaya yakawekwa mikononi mwa maofisa waliotumwa kutoka Dar es Salaam. Miaka minne baadaye vyama vya ushirika navyo vikavunjwa, na hapa Kanda ya Ziwa hilo liliuma kuliko mahali pengine, kwa sababu ushirika wa pamba uliojengwa na akina Paul Bomani tangu miaka ya 1950 ndio ulikuwa serikali ya kweli ya mkulima. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984, aliyataja mambo haya mawili kuwa makosa ambayo angepewa nafasi ya pili asingeyarudia. Halmashauri zikarudishwa kwa sheria za 1982. Katiba, ibara ya 145 na 146, ikaandika kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Maneno mazuri sana.

Sasa tazama mwaka wa kawaida katika halmashauri ya wilaya. Baraza la Madiwani limechaguliwa na wananchi. Mkurugenzi, anayeshika fedha na watumishi, ameteuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya, ambaye Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani saa 48, ameteuliwa na Rais. Mkuu wa Mkoa vivyo hivyo. Madiwani wakigombana na Mkurugenzi, msuluhishi ni Mkuu wa Wilaya. Wakigombana na Mkuu wa Wilaya, msuluhishi ni Mkuu wa Mkoa. Ukimshtaki mtu kwa ndugu yake, usishangae hukumu. Na tangu marekebisho ya sheria ya 2020, anayeishtaki halmashauri mahakamani lazima amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ukifika huko, halmashauri na Serikali Kuu zimekaa benchi moja, wakili mmoja.

Ndiyo maana vyanzo vyetu vya mapato vinapohama, vinahama kimyakimya. Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri. Mwaka 2016 ikapelekwa TRA, na 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, kwa hiyo mwenye nyumba Kahama anailipa anaponunua umeme na diwani wake haoni hata risiti. Ushuru wa mazao ulikuwa asilimia 5; mwaka 2017 ukashushwa hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mkulima alipumua, na mimi nikiwa mtoto wa mkulima nilifurahi. Lakini halmashauri za vijijini zilizoishi kwa pamba, mpunga na tumbaku ziliamka na pengo kwenye bajeti, na hakuna aliyeziuliza zitaliziba na nini. Kuna ile mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: fedha ni ya mapato ya ndani ya halmashauri, kiwango kimepangwa na Bunge, na 2023 Serikali Kuu ikaisimamisha nchi nzima ili kupanga utaratibu mpya. Palikuwa na sababu, mikopo mingi ilikwenda kwa vikundi hewa. Lakini halmashauri iliyokuwa inaisimamia vizuri nayo ilifungiwa pamoja na wezi.

Niseme haki: lipo jaribio moja ambalo karibu linafanana na ushirikiano. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, kifungu cha 105, yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na akubaliane na halmashauri, kwa kushauriana na waziri wa serikali za mitaa na wa fedha. Kabla ya hapo mgodi ulijenga unachotaka, mahali unapotaka, ukapaka rangi zake. Sasa Baraza la Madiwani lazima lipitishe. Huko Geita mpango huo ulifikia takribani shilingi bilioni 9 kwa mwaka kwa halmashauri mbili, ya wilaya na iliyokuwa ya mji. Kwa mara ya kwanza diwani ana karatasi ambayo bila muhuri wake haiendi.

Utekelezaji ni habari nyingine. Katika kata yangu, ambayo sitaitaja, palikuwa na boma la zahanati lililosimamishwa kwa nguvu za wananchi hadi usawa wa lenta. Kamati ya kata iliomba bati na mbao kupitia mpango wa jamii. Kampuni ikasema inanunua yenyewe kwa wazabuni wake. Halmashauri ikasema inunue yenyewe kwa bei yake. Likaja agizo kutoka mkoani kwamba fedha ielekezwe kwanza kwenye madarasa, kwa kuwa ziara ilikuwa inakuja. Nilikaa kwenye vikao ambamo asubuhi nzima iliishia kwenye bei ya mfuko wa saruji. Boma likaota nyasi ndani. Kila mgeni aliyesaini kitabu changu cha wageni alilitazama, akatikisa kichwa, akatoa maelekezo, na maelekezo ya huyu yalifuta ya yule. Hakuna aliyekuwa mwovu. Kila mmoja alikuwa na bosi wake, na mabosi hawakuwa na kikao cha pamoja.

Na wachimbaji wadogo? Hapo ngazi za serikali zinagongana mchana kweupe. Mfumuko wa dhahabu ukitokea, tuseme Mwakitolyo au pembeni ya Segese, wiki ya kwanza wenye kauli ni serikali ya kijiji: shamba ni la fulani, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema ardhi inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti anaandikisha maduara ya kuchimbia, anaweka mchango kwa kila duara, choo kinachimbwa, mama lishe wanapangwa. Wiki ya pili anafika Mkuu wa Wilaya na kamati ya usalama. Wiki ya tatu anafika Afisa Madini na ramani, na hapo kijiji kinaelezwa kwamba kilicho chini ya ardhi si chake, na pengine leseni ya eneo hilo tayari ina mwenyewe anayeishi Mwanza. Mchango wa kijiji unasitishwa kwa kuwa haumo kwenye sheria ndogo. Mrabaha unaanza kukatwa. Choo kinajaa, na hakuna ngazi inayosema choo hiki ni changu.

Ila nisiwasifu sana wa chini. Nimeona halmashauri ikikifanyia kijiji yaleyale ambayo Dodoma inaifanyia halmashauri. Kodi ya maendeleo na ushuru mwingine vilipofutwa 2003, vijiji viliahidiwa asilimia 20 ya ruzuku ya fidia kupitia halmashauri zao. Waulize watendaji wa vijiji ni lini waliiona kwa ukamilifu. Na madiwani hao waliofunga barabara wakidai haki, wakipata ushuru wa mgodi hupenda kuutandaza kata zote sawa, ili kila mmoja apate darasa la kuzindua, huku kijiji kinachopokea vumbi na mitikisiko ya baruti kikihesabiwa kama vingine. Mwenyekiti wa kijiji kimoja aliwahi kuniambia, kwa utani wenye uchungu, “Mtendaji, sisi nyumba inapata ufa, wenzetu wanapata madawati.”

Wengine watasema: sisi si shirikisho, hii ni nchi moja, acheni mambo ya Kenya. Ni kweli, si shirikisho. Muungano wetu wa 1964 una serikali mbili, na ile rasimu ya serikali tatu ya Jaji Warioba iliishia kwenye Bunge Maalumu la Katiba la 2014. Lakini angalieni: Bara na Zanzibar zikivutana, ipo kamati ya pamoja ya kero za Muungano chini ya Makamu wa Rais, na Katiba imetaja Tume ya Pamoja ya Fedha. Inakwenda taratibu, wakati mwingine kinyonga anaipita, lakini meza ipo, na Zanzibar inakaa ikiwa na kiti chake. Shinyanga na Geita, zenye watu wengi kuliko visiwa hivyo, halmashauri zake hazina meza yoyote ya namna hiyo.

Kenya sheria yao ya madini ya 2016 iligawa mrabaha: asilimia 70 serikali ya taifa, 20 kaunti, 10 jamii ya eneo la mgodi. Kwale walikuwa na mgodi wa titani, na walisubiri mgao huo kwa miaka. Kwa hiyo sheria pekee haitoshi, nakubali. Lakini tofauti ni hii: mwaka 2019, Seneti na Bunge la Taifa walipokwama juu ya mgawo wa kaunti, magavana walikwenda Mahakama ya Juu. Hawakufunga barabara. Mwishowe kaunti zilipata shilingi bilioni 316.5 za Kenya, pungufu ya walichotaka na zaidi ya walichopewa mwanzo. Kongo nao, pamoja na matatizo yao yote, sheria ya 2018 inagawa mrabaha wa migodi nusu kwa serikali kuu, robo kwa jimbo, asilimia 15 kwa serikali ya mtaa palipo na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Fedha ya mji wa migodi wa Kolwezi bado inapotea njiani, lakini meya akidai ana kifungu cha kushika mkononi. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna barua za madai tu.

Ninachokitaka si serikali ya majimbo. Nataka mambo mawili, na yote yanaweza kufanywa na Bunge hili bila kugusa Katiba. La kwanza, sheria iseme wazi kwamba mkataba wowote unaogusa ushuru, ada au ardhi ya halmashauri hauna nguvu mpaka Baraza la Madiwani husika lipige kura, na muhtasari wa kikao hicho uambatanishwe kwenye mkataba. La pili, sehemu ya mrabaha, hata ikiwa asilimia 5 tu yake, iende moja kwa moja kwa halmashauri na kijiji chenye shimo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye sheria, si kwa waraka unaoweza kufutwa na waraka mwingine. Hazina watasema fedha haitoshi. Kwa hesabu ile ya soko la Geita, asilimia 5 ya shilingi 60 ni shilingi 3. Hazina itabaki na 57 za mrabaha, halmashauri na kijiji chake watafikisha 6. Nchi haitafilisika.

Haraka yangu inatokana na Buzwagi. Mgodi ule wa Kahama ulifungwa 2021. Ushuru wake ulikoma, shimo likabaki, na Kahama, iliyopata hadhi ya manispaa mwaka huohuo, ikalazimika kuanza kutafuta wafanyabiashara wa kufidia pengo. Serikali Kuu imelitangaza eneo la mgodi kuwa eneo maalumu la uwekezaji, na ndipo panapotajwa kujengwa kiwanda cha kusafisha nikeli ya Kabanga, chini ya makubaliano yaliyosainiwa Januari 2021.

Nikeli hiyo iko Ngara, mkoani Kagera. Kwa mpango huo itachimbwa huko, isafirishwe, isafishwe Kahama, mkoani Shinyanga, halafu iuzwe. Ushuru wa huduma utalipwa wapi? Panapochimbwa au panapouzwa? Bulyanhulu imetufundisha jinsi jambo hili linavyoweza kuwa gumu: mgodi uko Msalala, mpakani na Nyang'hwale ya Geita, na halmashauri hizo mbili zimelazimika kugawana ushuru. Safari hii bado muda upo. Mkurugenzi wa Ngara na wa Kahama, wenyeviti wao na wanasheria wao, wakutane sasa, waandike mgawo, madiwani wa pande zote mbili waupigie kura, kisha waupeleke Dodoma ukiwa na mihuri miwili. Ukumbi wa manispaa Kahama unatosha, na nauli kutoka Ngara si kubwa kuliko dola 200,000.